Ridhaa ya Jicho: Kuisoma Miji ya Vivian Maier

Utangulizi

Neno ridhaa lina matumizi mawili ambayo kwa kawaida hayakutani. Katika michezo, mwanamichezo wa ridhaa ni yule anayecheza kwa mapenzi yake bila ya kulipwa. Katika ndoa, mikataba na sheria, ridhaa ni kibali: mtu ameulizwa, naye amekubali. Ipo kazi moja ya sanaa ambayo maana hizi mbili zinakutana ndani yake na kugongana. Kazi hiyo ni picha za Vivian Maier, yaya wa Chicago, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 alipiga picha za maisha ya kila siku ya miji bila ya kulipwa, na ambaye picha zake zilisambazwa ulimwenguni bila ya yeye kuulizwa. Alikuwa mpiga picha wa ridhaa kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili, ridhaa yake haipo.

Makala haya yanakusudia kuzichunguza picha hizo kwa jicho la mhakiki wa fasihi. Huenda msomaji akauliza mhakiki wa fasihi, tena ya Kiswahili, ana shughuli gani na picha za mtaani za Marekani. Jibu letu ni kwamba maswali yanayoulizwa na kazi hii ni yale yale tunayokumbana nayo tunapofungua diwani zetu kongwe. Ni nani mtunzi wa kazi iliyokusanywa, ikapangwa na kutolewa na watu wengine baada ya mtunzi kufariki? Ni sehemu gani ya kazi hiyo tunayoweza kuitegemea kama ushahidi wa nia na mtazamo wake?

Dai letu ni hili: kazi ya Maier kama inavyojulikana leo ni matini yenye mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wake, nao umo katika mahali pa jicho, katika fremu na katika mfuatano wa picha ndani ya filamu. Mkono wa pili ni wa wateuzi waliokuja baadaye. Uhakiki usiotenganisha mikono hii humsifu Maier kwa mambo asiyoyatenda, na wakati huohuo humnyima sifa kwa yale aliyoyatenda.

Maisha na Masalia

Vivian Maier alizaliwa New York tarehe 1 Februari 1926. Mama yake alikuwa Mfaransa na baba yake alikuwa na asili ya Austria. Utoto wake aliuishi baina ya Marekani na bonde la Champsaur katika milima ya Alps, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwa huko bondeni alikuwa tayari anapiga picha kwa kamera ya kawaida ya sanduku. Alirejea New York mwaka 1951, na mnamo 1952 akaanza kutumia kamera aina ya Rolleiflex. Mwaka 1956 alihamia Chicago na kupata kazi ya uyaya katika familia moja ya Highland Park, kitongoji cha watu wenye uwezo kilichoko kaskazini mwa jiji kando ya Ziwa Michigan. Hapo alikaa kwa miaka mingi, na bafu lake la faragha akaligeuza kuwa chumba cha giza cha kusafishia picha. Baadaye alihamahama kutoka nyumba moja hadi nyingine, kila mara akiongozana na masanduku yake.

Uzeeni alishindwa kulipia ghala alimohifadhi mali yake. Mwaka 2007 vitu hivyo vilipigwa mnada. Mmoja wa wanunuzi, John Maloof, alikuwa akitafuta picha za zamani za mtaa mmoja wa Chicago kwa ajili ya kitabu cha historia. Alilipa takriban dola 400 kwa sanduku lililojaa negativu. Wanunuzi wengine walichukua mafungu mengine. Maier alifariki tarehe 21 Aprili 2009. Miezi michache baadaye picha zake zilianza kuenea kwenye intaneti. Mapema mwaka 2011 zikaonyeshwa katika Kituo cha Utamaduni cha Chicago, na mwaka huohuo kikatoka kitabu. Mwaka 2013 ilitoka filamu ya Maloof na Charlie Siskel iitwayo Finding Vivian Maier, ambayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Negativu zilizopatikana zinapita 100,000. Mamia ya mikanda ilikutwa ikiwa haijasafishwa kabisa, maana yake ni kwamba kuna picha nyingi ambazo mpigaji mwenyewe hakuwahi kuziona.

Tunautaja mkondo huu wa matukio kwa kuwa umegeuka kuwa hadithi inayojitegemea. Magazeti mengi yamemsimulia Maier kama fumbo: mwanamke mpweke, msiri, mkusanyaji wa magazeti na risiti, ambaye hakuna aliyemjua. Fumbo hilo linauza, lakini linaficha jambo la wazi. Mtu huyu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Muda wake, chumba chake na mshahara wake vilitegemea nyumba za watu. Mtumishi asiyemfungulia mwajiri mlango wa chumba chake hahitaji kuelezwa kwa fumbo. Anaulinda upenu wake wa pekee.

Jicho la Kifuani

Tuanze na fani. Rolleiflex ni kamera yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Lenzi ya juu ni ya kutazamia na ya chini ni ya kupigia. Mpigaji huishika kamera kifuani au tumboni, akainamisha kichwa na kuitazama taswira kwenye kioo kilichoko juu ya kamera. Taswira hiyo huonekana kulia kukiwa kushoto na kushoto kukiwa kulia. Picha inayotoka ni ya mraba, sentimita sita kwa sita, na mkanda mmoja una picha 12 tu.

Maelezo haya ya ufundi yana uzito wa kifasihi. Katika uhakiki wa riwaya tunauliza: nani anasimulia, na amesimama wapi? Katika picha za Maier za miaka ya 1950 na 1960 nafsi neni imesimama chini kidogo ya uso wa mtu mzima, karibu na kimo cha mtoto. Kwa hiyo watu wazima wanapanda juu ndani ya fremu kama minara, mabega yao yakishindana na majengo. Mfano mmoja ni mwanamke aliyepigwa mbele ya Maktaba ya Umma ya New York mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa na kofia na utaji mwembamba. Angetazamwa kwa jicho la kimo chake, huenda angeonekana kama mpita njia aliyevaa vizuri. Akitazamwa kutoka kifuani mwa mtu mwingine, anakuwa malkia. Na watoto wanapoingia katika fremu hiyohiyo hawatazamwi kutoka juu. Katika picha moja ya Kanada isiyo na tarehe, msichana mwenye uso uliochafuka na macho yenye machozi amesimama mikono ameikunja kifuani, saa mkononi, anamkabili mpigaji ana kwa ana. Hakuna huruma ya kutoka juu inayomshukia. Ni mtu mbele ya mtu, na huyu mdogo hajakubali kushindwa.

Jambo la pili ni kuinama. Anayetumia kamera ya aina hii hamtazami mtu usoni anapompiga picha. Anatazama chini. Kwa mpita njia, mwanamke aliyeinamisha kichwa juu ya kisanduku si tishio. Pengine anatafuta kitu chake. Mkao huu wa kamera unafanana mno na mkao ambao jamii humtarajia mtumishi awe nao mbele ya mabwana: kichwa chini, macho yasikutane. Maier aliuchukua mkao wa unyenyekevu akaufanya mkao wa kuona. Huu ndio ufundi wake wa msingi, na hakuna mteuzi yeyote aliyemtilia baada ya kifo. Umo katika negativu yenyewe.

Katika riwaya zetu mtumishi kwa kawaida huonekana, haoni. Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) anamsawiri Kijakazi kwa namna inayomtia msomaji uchungu, ila jicho linalomtazama Kijakazi ni la msimulizi aliye nje yake. Tunamwona akihudumu, ni mara chache tunaliona kasri kama linavyoonekana na mwenye kulifagia. Katika kazi ya Maier uhusiano huo umepinduliwa. Mwenye kuhudumu ndiye mwenye jicho, na mabibi wenye manyoya shingoni, mabwana wenye sigara na polisi wenye rungu ndio wanaosawiriwa.

Mji kama Ubeti

Maudhui ya picha hizi ni mji wa kila siku. Hakuna vita, hakuna sherehe kubwa. Kuna mikono iliyofungwa nyuma ya mgongo, soksi iliyoteremka, mlevi aliyelala kwenye benchi, wazee wawili wakisubiri basi, mwanamume aliyepitiwa na usingizi ndani ya gari mchana, magazeti yaliyotupwa kwenye pipa. Siku za kazi Maier alitembea na watoto aliowalea, akawatoa kitongojini na kuwapeleka katika mitaa ya jiji ambako wazazi wao wasingewapeleka, hata kwenye machinjio. Siku za mapumziko alitembea peke yake. Mji wake basi ni mji wa kwa miguu. Vitu vyake ni vile vinavyoonwa na mtu asiye na haraka na asiye na gari.

Tabia moja inastahili kutiwa mkazo. Mara nyingi Maier alipiga picha moja tu ya tukio moja, kisha akaondoka. Mpiga picha wa gazeti humaliza mkanda mzima kwa sura moja ili mhariri achague. Maier hakuwa na mhariri, na kila picha ililipiwa kutoka katika mshahara wa yaya. Kwake kuchagua kulitangulia kubofya. Picha 12 za mkanda mmoja zaweza kuwa matukio 12 mbalimbali ya alasiri moja, na zikisomwa kwa mfuatano huwa kama matembezi: mtoto, kivuli, dirisha la duka, mguu wa mtu, tena mtoto.

Hapa ndipo Muyaka bin Haji anapotufaa. Malenga huyu wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, anasifiwa na wahakiki kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuingiza sokoni. Alitunga juu ya vita na siasa za Mombasa na Unguja. Lakini alitunga pia juu ya deni, mapenzi, njaa, kijembe cha jirani na mambo ya nyumbani. Nyingi ya tungo zake ni za ubeti mmoja: mishororo minne, tukio moja, neno limekwisha. Ubeti huo wenye pande zilizopimwa ndio tunaoweza kuulinganisha na mraba wa Maier. Yote miwili ni maumbo madogo yanayolazimisha uteuzi kabla ya usemi. Yote miwili hupoteza kitu yanapotolewa katika mazingira yake: ubeti wa Muyaka ulijibu ubeti mwingine au tukio lililojulikana mjini, na picha ya Maier ilifuata picha nyingine katika mtaa uleule siku ileile.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Muyaka alikuwa mtu wa watu. Tungo zake zilighaniwa, zikajibiwa, zikakaririwa. Hadhira ilikuwapo tangu mwanzo. Maier aliishi na masanduku yaliyofungwa. Kinachowaunganisha kwa uzito zaidi ni yaliyowapata baada ya kufa.

Mkono wa Pili

Tungo za Muyaka hatuzipati kutoka mkononi mwa Muyaka. Zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na kumbukumbu za watu wa Mombasa na hati zilizokuwapo, katika kazi iliyofanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Hati hizo zilihifadhiwa London. Mwaka 1940 William Hichens alizichapisha kama diwani. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa uchunguzi wake, akizirudisha tungo nyingi katika historia yake ya Mombasa. Kila mmoja wa watu hawa alitia mkono: kwa kuchagua, kwa kupanga, kwa kusahihisha, kwa kufasiri. Asemaye leo kwamba Muyaka alianza na shairi fulani na kumalizia na jingine anamsema Hichens.

Hali ya Maier ni hiyohiyo, tena imezidi. Kati ya negativu zaidi ya 100,000, umma umeona sehemu ndogo sana. Sehemu hiyo imechaguliwa na wamiliki wa masanduku, wachapishaji na wenye majumba ya sanaa. Wateuzi hawa, kama ilivyo desturi ya soko lao, walitafuta picha kamilifu: ile inayosimama peke yake ukutani, yenye mvuto wa mara moja, inayomkumbusha mtazamaji wapiga picha mashuhuri wa mitaani. Matokeo yake ni kwamba Maier tunayemjua anafanana sana na watu wengine. Zile picha za kurudiarudia, za magazeti, za mapipa, za vitu vya nyumbani, ambazo huenda ndizo zilizomshughulisha zaidi katika miaka ya mwisho alipohamia kwenye rangi, zimechelewa kuonekana.

Ushahidi ulio wazi kabisa unatokana na zile picha ambazo Maier mwenyewe alizisafisha kwenye karatasi. Baadhi yake alizikata. Aliuchukua mraba wa kamera akaondoa upande, akabakiza mstatili uliombana mtu mmoja katikati ya umati. Zile zinazochapishwa tangu kifo chake kwa kawaida hutolewa zikiwa na mraba kamili. Basi mraba ambao watazamaji wengi huuona kuwa alama ya Vivian Maier, katika baadhi ya picha ni rasimu ambayo mwenyewe aliirekebisha alipopata nafasi. Mwanafunzi wa hati za Kiswahili hatashangaa. Anajua kwamba nuskha mbili za utendi mmoja zikitofautiana, mhakiki hachagui iliyo nzuri machoni pake akaiita asili. Anaeleza zote mbili, na anasema ni ipi iliyotoka karibu zaidi na mtunzi. Tangu mwaka 2017 Maktaba ya Chuo Kikuu cha Chicago imekuwa ikipokea picha za karatasi zilizotengenezwa wakati wa uhai wa Maier. Hapo ndipo uhakiki makini unapopaswa kuanzia. Pamela Bannos, katika wasifu aliouchapisha mwaka 2017, alikwisha kuonyesha njia kwa kuzifuata picha kwa tarehe na mahali badala ya kuifuata hadithi ya ugunduzi.

Swali la mipaka ya kazi ni la zamani katika nadharia. Michel Foucault, katika mhadhara wake wa mwaka 1969 juu ya mtunzi, aliuliza kama hesabu ya dobi iliyokutwa katika daftari la mwanafalsafa nayo ihesabiwe kuwa kazi yake. Kwa Maier swali hili si la mzaha. Aliacha risiti, vipande vya magazeti, filamu za sinema na kanda za sauti. Katika mojawapo ya kanda hizo anawauliza watu wa dukani maoni yao juu ya mkasa wa Rais Nixon. Je, kanda hiyo ni kazi ya sanaa? Rai yetu ni kwamba inaingia pale inapotufunza kuhusu jicho. Inatuonyesha kuwa alijiona mtu mwenye haki ya kuuliza maswali ya umma, na hilo linatusaidia kuzisoma picha zake za magazeti kama usomaji wa nchi. Risiti ya mboga tunaweza kumwachia mwandishi wa wasifu.

Ridhaa: ya Nani?

Turudi kwenye neno letu. Kuna watu watatu ambao ridhaa yao inahusika.

Wa kwanza ni Maier. Wapo wanaosema kwamba kutoonyesha kwake ni kukataa, na kwamba kila maonyesho ni uvamizi. Wapo wanaojibu kwamba angetaka picha zipotee angezichoma. Ushahidi hauungi mkono upande wowote kwa ukamilifu. Tunajua kwamba aliandika barua kwa msafishaji picha wa bonde la Champsaur kuhusu kutengenezewa kadi za posta kutokana na picha zake. Kwa hiyo wazo la kuzitoa kwa watu halikuwa geni kwake. Tunajua kwamba alilipia ghala kwa miaka mingi, na kuhifadhi ni tendo. Lakini kutotoa kunaweza kusababishwa na mengi yasiyo hiari: gharama, kukosa wa kumtambulisha, na ulimwengu wa sanaa ambao haukumtarajia yaya abishe hodi. Kukiita kimya hicho chaguo huru ni kuusahau umaskini wake. Kukiita kibali ni kujisaidia sisi wenyewe.

Fasihi yetu ina kisa cha jirani. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka 1858, ulielekezwa kwa binti yake. Ulichapishwa na Alice Werner na William Hichens katika miaka ya 1930, na leo unasomwa madarasani, unatetewa na kushutumiwa kana kwamba ulikuwa hotuba kwa wanawake wote. Hatusemi usisomwe. Tunasema usomaji wa haki unakumbuka nani alikuwa akisemeshwa. Vivyo hivyo, picha za Maier za kujipiga mwenyewe zinasomwa mara nyingi kama ungamo kwa umma, ilhali hatuna hakika kwamba umma ulikuwa akilini.

Wa pili ni waliopigwa picha. Mlevi wa kwenye benchi hakuulizwa. Mwanamke aliyelia barabarani hakuulizwa. Baadhi ya watu katika picha hizi wamegeuka kwa hasira, na hasira hiyo imebaki kwenye filamu milele. Tumeusifu mkao wa kuinama. Ni lazima tuseme pia kwamba mkao huo uliwafanya watu wasijue wanapigwa picha. Maier hakuwa malaika wa wanyonge. Baadhi ya waliolelewa naye wamesimulia ukali wake, na zimo picha ambazo jicho lake lina ubaridi. Hata hivyo ipo tofauti inayoonekana katika kazi yenyewe: matajiri mara nyingi hunaswa wakiwa hawajajiandaa, wakikunja uso kwa kero, hali maskini na watoto mara nyingi hutazama lenzi moja kwa moja, ishara kwamba walikuwa wamemwona na pengine walikuwa wamezungumza naye. Jicho hili lilikuwa na itifaki yake, nayo ilifuata tabaka.

Wa tatu ni warithi. Kumiliki negativu si kumiliki haki ya kuzichapisha. Mwaka 2014 suala la nani mrithi halali wa Maier, aliyekufa bila mtoto na bila wasia unaojulikana, lilifikishwa mahakamani Chicago, na mirathi ikawekwa chini ya msimamizi wa umma wa kaunti ya Cook. Mwaka 2016 yalifikiwa mapatano kati ya mirathi hiyo na Maloof, ambayo masharti yake hayakutangazwa. Sheria ilipata njia ya kugawa haki. Hakuna sheria inayoweza kuirudisha ridhaa ya aliyekufa.

Kivuli na Kioo

Tukisema kwamba ridhaa yake haipo, hatumaanishi kwamba mwenyewe hayupo. Maier alijipiga picha mara nyingi mno kuliko inavyotarajiwa kwa mtu anayeitwa msiri: kwenye vioo vya maduka, kwenye vifuniko vya magurudumu ya gari, kwenye vioo vya bafu, na kwa kivuli chake chenye kofia kilicholala juu ya nyasi na kuta. Katika picha moja ya mwaka 1955, mfanyakazi amebeba kioo kikubwa, na ndani ya kioo hicho anaonekana Maier na kamera yake kifuani. Tuisome picha hiyo polepole. Yupo mtu anayefanya kazi kwa mikono. Kazi yake, bila ya yeye kukusudia, inamwonyesha mfanyakazi mwingine, naye huyu wa pili anaandika kuwapo kwa wote wawili kwa tendo moja.

Picha hii inabeba hoja ya makala haya, na haihitaji mteuzi kuieleza. Katika picha za kujipiga Maier haonekani akiwa yaya. Hana mtoto mkononi, hana sahani. Anaonekana akiwa na kamera, uso mkavu, bila tabasamu la kumpendeza mtu. Huo ni utambulisho aliojipa mwenyewe. Wanaomwita yaya aliyepiga picha wanafuata kadi ya mshahara. Picha zenyewe zinamtaja mpiga picha aliyefanya kazi ya uyaya.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kazi ya Vivian Maier inastahili kusomwa kwa uangalifu uleule tunaoudai kwa hati za mashairi. Mahali pa jicho, uchache wa kubofya, mfuatano wa mkanda na ukataji wa karatasi ni mambo yaliyo yake. Mpangilio wa vitabu, mraba wa ukutani na hadithi ya fumbo ni mambo ya wengine. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa yeyote atakayeihakiki kazi hii au nyingine ya namna yake. Kwanza, aseme wazi ni picha ipi iliyosafishwa na mpigaji na ipi iliyosafishwa baada yake. Pili, pale inapowezekana aisome picha ndani ya mkanda wake, kwa tarehe na mtaa. Tatu, asitumie umaskini wa msanii kama pambo la hadithi. Autumie kama sharti la fani, kwa kuwa ndio ulioamua ni mara ngapi kidole kingebofya.

Mapendekezo haya yanatuhusu huku kwetu pia. Nyumbani kwa watu, katika masanduku ya Lamu, Mombasa, Nairobi na kwingineko, zimo picha, daftari za mashairi na kanda za sauti za watu ambao hakuna aliyewaita wasanii: makarani, wapishi, akina mama wa nyumbani, madereva. Masanduku hayo yatafunguliwa siku moja, na aghalabu atakayeyafungua hatakuwa mwenyewe. Mkusanyaji mwema atayapokea jinsi yalivyopangwa, ataandika mpangilio huo kabla ya kuuvuruga, na pale mwenyewe angali hai atakwenda kumuuliza. Huo ni wajibu mdogo, na unatimizwa kwa nauli ya basi na nusu saa ya mazungumzo.

Maier alifariki kabla ya yeyote kati ya wanunuzi wa masanduku yake kumfikia. Swali ambalo angepaswa kuulizwa lilikuwa fupi, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na jibu.